Kuatika Miche ya Mvinje

Katika vijiji vingi vya Unguja utaona miti mirefu yenye majani membamba kama nywele, ambayo huvuma upepo unapopita. Hiyo ni mivinje. Watu wengine huiita misonobari, lakini hilo ni kosa. Chukua kijani kimoja cha mvinje, ukivute polepole. Kitakatika vipande vipande, kila kimoja kwenye kifundo chake. Kwa hakika hicho si jani bali ni kijitawi. Majani yenyewe ni yale magamba madogo sana yaliyozunguka kila kifundo.

Mvinje hukua upesi, hata katika mchanga wa pwani na ardhi ya mawe ya matumbawe. Mwaka 1971, huko Bamburi karibu na Mombasa, miti ya namna mbalimbali ilianza kupandwa katika machimbo ya mawe yasiyokuwa na udongo. Mivinje ilikuwa miongoni mwa miti michache iliyostahimili. Sifa hiyo ina faida kubwa kwa vijiji vinavyouzunguka Msitu wa Jozani. Humo huishi kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja na visiwa vidogo vya jirani tu. Tangu mwaka 2004 msitu huo umekuwa sehemu ya hifadhi ya taifa. Hata hivyo, watu wanahitaji kuni za kupikia na nguzo za kujengea kila mwaka. Mwenye mivinje shambani mwake hana haja ya kupeleka shoka msituni.

Mbegu ya mvinje ni ndogo mno: kilo moja huwa na mbegu zaidi ya 600,000. Kwa sababu hiyo haziwezi kupandwa moja moja shambani. Husiwa kwanza katika kisanduku chenye mchanga, na kulindwa dhidi ya sisimizi, kwani huzipenda sana. Miche ikiota husongamana. Ikiachwa hivyo itagombania mwanga, maji na chakula, nayo mizizi itafungamana hata isiweze kutenganishwa bila kukatika. Basi inapofikia urefu wa kidole chako, kila mche hupewa chombo chake. Kazi hiyo huitwa kuatika.

Tayarisha makopo au viriba vilivyotobolewa chini ili maji yasituame. Changanya mchanga, mbolea iliyooza vizuri, na konzi chache za udongo uliochotwa chini ya mvinje mkubwa. Usidharau udongo huo. Ndani yake mna bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huingia katika mizizi ya mvinje na kufanya vinundu. Humo huchukua naitrojeni ya hewani na kuugeuza kuwa chakula cha mmea. Mche usiopata viumbe hao, katika mchanga usio na rutuba, hudumaa na kuwa manjano.

Fanya kazi jioni au siku ya mawingu. Mwagia kisanduku maji kwanza ili mchanga ulainike. Ingiza kijiti chini ya mche, uunyanyue pamoja na mchanga ulioshikamana na mizizi. Ushike kwa vijitawi vyake vya juu, wala usiubane shina, kwa maana shina changa likibonyezwa njia zake za maji huharibika. Weka miche ndani ya bakuli lenye maji kidogo. Kwenye mizizi kuna vinyweleo vyembamba sana, na hivyo ndivyo vinavyonyonya maji. Vikipigwa na jua kwa dakika chache tu hukauka, na mche hufa hata kama shina lake bado ni la kijani. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: hung'oa miche yote kwanza, kisha huanza kutafuta makopo.

Toboa shimo kwa kijiti katikati ya udongo wa kopo. Shimo liwe refu kuliko mzizi. Teremsha mche ndani, kisha uuvute juu kidogo ili mzizi unyooke. Mzizi uliopinda kama ndoana hautauegemeza mti vizuri utakapokuwa mkubwa. Shindilia udongo kwa vidole viwili, kisha mwagilia polepole.

Panga makopo chini ya kivuli cha makuti. Mizizi iliyohamishwa bado hainyonyi maji ya kutosha, na jua kali lingeyatoa maji katika mche upesi kuliko yanavyoingia. Baada ya majuma mawili hivi, punguza makuti kidogo kidogo. Miche itakapofika magotini huwa tayari kwenda shambani mwanzoni mwa masika, mwezi wa Machi. Haipandwi ndani ya msitu wenyewe, kwa sababu vijitawi vyake vinavyoanguka hutandaa chini na kuzuia mimea mingine kuota.

Jaribio

Jazeni makopo kumi mchanga mtupu. Katika makopo matano ongezeni konzi moja ya udongo wa chini ya mvinje mkubwa, na makopo hayo yatieni alama. Atikeni mche mmoja katika kila kopo. Mwagilieni yote kwa kiasi kilekile cha maji. Kila Jumatatu, kwa muda wa miezi mitatu, pimeni urefu wa kila mche na mwandike rangi yake katika daftari. Mwishoni ng'oeni mche mmoja wa kila kundi, oshеni mizizi yake, mtafute vinundu.