Kipakatalishi kikikataa waifai

Msomaji, mwanao yuko Budalang'i, makataa ya kuomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS yamekaribia, na kipakatalishi kikuukuu hakishiki waifai. Usikimbilie Busia kununua kingine, hasa Mto Nzoia ukiwa umefurika.

Kizime, ukiwashe tena. Kagua swichi ya waifai ubavuni. Kisha weka intaneti ya simu kwenye gigahezi 2.4, kwani vipakatalishi vingi vya zamani havioni 5.

Bado? Unganisha simu kwa waya wa USB, uiruhusu igawe intaneti. Ikipita, mashine ni nzima. Kilichougua ni kadi ya waifai au programu yake. Mwanao amalize fomu kwanza. Baadaye fundi abadilishe kadi, au ununue kidude cha waifai cha kuchomeka.

Wahenga hawakukosea: usiache mbachao kwa msala upitao.