Skrini ya Ofisi ya Kikundi: Tazameni Waya Kwanza



Vikundi kadhaa vimetuuliza swali moja. Tukitaka skrini ya ofisi, ya kuandikia hesabu za kikundi mchana na kutazamia habari na vipindi vya kilimo jioni, tununue gani? Na ofisi yenyewe, tuseme ukweli, ni chumba kimoja katika nyumba ya katibu. Hata sisi ndivyo tulivyo. Kwa hiyo tutaanza na kosa letu wenyewe, maana lilitusumbua sana.

Pesa zilikuwa za mchango wa kila wiki. Wazee wakasema tusijiaibishe, tununue kubwa. Tukanunua runinga ya inchi 32 katika duka moja mjini, imeandikwa HD kwa mbele. Tulipoiunganisha na king'amuzi cha dishi, kile tunacholipia kila mwezi ili tupate picha safi, picha ikaja imefifia kana kwamba iko nyuma ya chandarua. Basi maneno yakaanza. Ati mweka hazina amenunua ya bei rahisi na pesa nyingine zimeingia mfukoni. Kwa majuma mawili mama huyo hakusalimiwa vizuri.

Kumbe kosa lilikuwa la waya. Tulikuwa tumetumia zile nyaya tatu za rangi: njano, nyekundu na nyeupe. Nyekundu na nyeupe hubeba sauti. Njano hubeba picha, lakini picha ya kawaida tu. Hauwezi kubeba HD, hata king'amuzi kiwe cha bei gani. Waya unaotakiwa unaitwa HDMI, kichwa chake ni kipana na bapa, nao hubeba picha na sauti pamoja. Tuliukuta ndani ya boksi la king'amuzi, mfuko wake haujafunguliwa. Tulipouchomeka tukaona hadi manyoya ya kuku. Tukamwomba mweka hazina msamaha mbele ya mkutano, na maneno hayo yakaandikwa katika kumbukumbu.

Sasa HD ni nini hasa? Picha ya runinga imeundwa kwa vitone vidogo sana. Picha ya kawaida tuliyoizoea ina mistari 576 kutoka juu hadi chini. HD ndogo ina mistari 720. Ile inayoitwa Full HD ina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili. Runinga nyingi za inchi 32 zilizoandikwa HD tu zina 1366 kwa 768, karibu nusu ya Full HD. Muuzaji hatawaambia hayo, someni karatasi ya boksi. Tena mjue kwamba kituo kikirusha picha ya kawaida, skrini haiwezi kuongeza kitu ambacho hakikutumwa.

Je, nusu hiyo inadhuru? Inategemea mnakaa wapi. Kwa skrini ya inchi 32 yenye 1366 kwa 768, mtu mwenye macho mazuri akikaa mita 2 hivi haoni tena vitone, anaona picha tu. Kwa kutazama habari inatosha kabisa. Lakini katibu wetu alipoiweka mezani kuandikia hesabu, karibu kiasi cha mkono, herufi zilikuwa na meno kama msumeno na kichwa kikamuuma. Kwa kazi ya mezani, inchi 24 yenye Full HD ni bora kuliko 32 yetu, na haijazi meza. Kama watazamaji ni watu watatu au wanne, hiyo hiyo yatosha kwa kazi zote mbili. Kama kikundi kizima hukaa kutazama, tafuteni 32 au 43 ya Full HD, muitundike ukutani, na katibu asiikaribie sana.

Wengine watashauriwa kununua monita ya kompyuta. Si mbaya, herufi zake ni safi. Lakini nyingi hazina spika wala mahali pa kuchomeka antena, kwa hiyo king'amuzi ni lazima, na sauti mtaitoa kwa zile nyaya nyekundu na nyeupe hadi kwenye redio, ikiwa king'amuzi kina matundu yake. Monita kuukuu zina mtego mwingine: king'amuzi cha kulipia huangalia kama skrini ina ulinzi uitwao HDCP, na kisipouona hakitoi picha. Utabaki na giza na kufikiri imeharibika.

Kama mnategemea antena ya kawaida, runinga iwe na maandishi DVB-T2. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mwaka 2015, hiyo ndiyo njia ya matangazo ya antena hapa kwetu. Mtoto aliye Marekani akiwatumia runinga kwa upendo, shukuruni, lakini huko hutumia mtambo mwingine na umeme wa volti 120. Antena haitafanya kazi bila king'amuzi, na isipoandikwa 100-240 msiichomeke ukutani.

Wenye sola wasome idadi ya wati nyuma ya runinga. Ya wati 40 ikiwaka saa 3 hula wati-saa 120, na king'amuzi kina sehemu yake juu ya hiyo. Iko ya volti 12 inayokwenda moja kwa moja kwenye betri bila inveta. Hiyo tunaipenda zaidi, kwa sababu inveta nayo hula umeme.

Siku ya kununua, nendeni watu wawili au watatu, mkiwa na king'amuzi chenu, waya wa HDMI na kompyuta ya kikundi. Ombeni viunganishwe hapo hapo dukani. Fungueni ukurasa wa hesabu, muone kama kingo zinakatwa. Zikikatwa, rekebisheni kwa rimoti kwenye sehemu ya ukubwa wa picha. Risiti iandikwe jina la kikundi, si la mtu. Mwenye duka akikataa kuiwasha, nendeni duka la pili.