Baruti Iliyotoka Baharini

Wasikilizaji wangu, katika nchi ya Ubena, toka Mdandu hata Makambako, kila mwenye shamba la mahindi ajua adha ya nguruwe-mwitu, na mwenye gobori hujiona mlinzi. Watu huuliza: baruti ya jeshi, iliyobaki katika risasi za kale, yaweza kutiwa katika bunduki nyingine? Nitajibu kwa habari ya vita, maana jambo lililo karibu na hili lilifanywa kweli katika nchi hii mwaka 1915.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wadachi walichukua bunduki ya mwaka 1871, ile ya moshi. Ilipolia, wingu jeupe lilipanda juu ya majani, na adui akajua pa kulenga. Ndiyo maana waliposhinda Tanga, Novemba 1914, walifurahia sana kuteka bunduki mpya na risasi 600,000. Lakini risasi hazizai. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaipiga mizinga, nayo ikakwama katika maji haba. Waingereza walipokwenda zao, shehena ikaopolewa: mamilioni ya risasi, zimelowa maji ya chumvi.

Sasa sikilizeni tofauti. Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikilowa, shura huyeyuka kama chumvi mchuzini, na mchanganyiko umevunjika. Baruti ya jeshi isiyo na moshi ni kitu kingine. Asili yake ni pamba iliyotiwa asidi, nayo haiyeyuki majini. Ikikauka yaweza kuwaka tena. Iliyoharibika zaidi ni fataki, kile kidonge kidogo kitakoni mwa ganda. Basi mafundi walizivunja risasi zile, wakaisafisha baruti, wakatafuta fataki huku na huku kubadili zilizokufa. Hata hivyo nyingi ziligoma, na askari aliyevuta kifyatuo mbele ya adui asisikie kitu, sina haja ya kueleza moyo wake.

Tazameni lakini: baruti ile ile ilirudi katika ganda lile lile, kwa bunduki iliyoundiwa. Hapo ndipo penye jibu. Mwenye gobori hupima kwa kiganja, na baruti nyeusi pengine humsamehe akizidisha kidogo. Ya jeshi haisamehe. Ikifungwa ndani ya kasiba, kadiri mkazo unavyopanda ndivyo inavyozidi kuungua upesi, na nguvu yake, kwa uzito ule ule, yapita mbali ile nyeusi. Kasiba ya gobori, ambayo mara nyingine ni bomba la maji tu mikononi mwa mhunzi, haikuumbwa kuzuia nguvu hiyo. Hupasuka karibu na shavu, na mkono wa kushoto huenda nayo. Tena baruti hii ikikaa miaka mingi huoza, na iliyooza huweza kuwaka pasipo kuguswa na moto.

Wadachi wenyewe hawakutegemea kuunga-unga hata mwisho. Oktoba 1918 kikosi cha von Lettow-Vorbeck kilipopita hapa Ubena, kikamwacha Jenerali Wahle mgonjwa, askari walikuwa wamekwisha kubadili bunduki pamoja na risasi zake kwa kuteka. Walipoweka silaha chini huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, zilihesabiwa bunduki 1,071, za Kiingereza na za Kireno, na risasi 208,000.

Basi ukiokota risasi ya kale kwa jembe, usiivunje, usiitupe motoni, wala usimpelekee mhunzi. Weka alama mahali pale, wazuie watoto, umwarifu mtendaji wa kijiji au polisi. Kwa sheria ya silaha ya mwaka 2015, kuwa na risasi pasipo leseni ni kosa, na gobori nalo lataka leseni.