Mjamzito Mwenye Pumu ya Ngozi Asitupe Dawa Zake

Wanawake wengi wenye pumu ya ngozi wakijua tu wana mimba huweka kando tyubu zao siku hiyo hiyo. Hofu yao naielewa. Lakini baadhi yao nawapokea kliniki mimba ikiwa ya miezi mitano au sita, mikunjo ya viwiko imechanika na inatoa majimaji, usiku hawalali kwa kujikuna. Vidonda hivyo hupitisha bakteria, na mama aliyeogopa krimu huishia kumeza antibiotiki.

Mimba yenyewe huweza kuuamsha ugonjwa. Kinga ya mwili hubadilika ili imvumilie mtoto, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoichochea pumu ya ngozi. Sorayasisi, ugonjwa mwingine wa ngozi, aghalabu huenda kinyume: hutulia wakati wa ujauzito, ikarudi baada ya kujifungua.

Msingi wa matibabu ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Oga maji ya uvuguvugu, jifute bila kusugua, upake ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha urudie mara mbili tatu kwa siku. Anayepikia kuni au mkaa awe mwangalifu, maana kanga iliyoingia mafuta haya hushika moto upesi.

Mafuta yasipotosha, haidrokotisoni ya asilimia 1, krimu ya steroidi, ni salama kwa mjamzito. Hata betamethasoni, iliyo kali zaidi, daktari anaweza kukuandikia kwa siku chache. Kamulia dawa juu ya kidole cha shahada, kuanzia ncha hadi kiungo cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo lenye ukubwa wa viganja viwili pamoja na vidole vyake. Ngozi ikitulia, acha, uendelee na mafuta. Watafiti waliofuatilia wajawazito waliona watoto wenye uzito mdogo kwa akina mama waliotumia steroidi kali kwa wingi, zaidi ya gramu 300 katika ujauzito mzima. Tyubu ya gramu 15 iko mbali sana na kiwango hicho.

Kinachonitia hofu hasa ni mkorogo na vikopo visivyo na lebo. Ndani yake mara nyingi mna klobetasoli, steroidi kali kupita zote, pamoja na hidrokwinoni au zebaki, na zebaki hupita kwenye kondo la nyuma ikamfikia mtoto. Inaniuma kumwona mama anayeikimbia haidrokotisoni ya kiwikoni huku akijipaka mkorogo mwili mzima, asubuhi na jioni.

Vidonge vina masharti yake. Methotreksati na asitretini huharibu mimba au viungo vya mtoto. Anayetumia asitretini hatakiwi kushika mimba hadi ipite miaka 3 tangu alipoiacha, kwa hiyo mazungumzo na daktari yaanze kabla ya mimba kutafutwa.

Ukianza kuwashwa viganjani na nyayoni bila upele wowote, hasa miezi ya mwisho, usidhani ni pumu ya ngozi. Huenda ni ini, na mtoto anaweza kuwa hatarini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kliniki ijayo, pamoja na kadi yako, beba kila unachojipaka, hata kile unachoona haya kukitaja. Tukikiona, tutakwambia kipi uendelee nacho na kipi uache leo.