Kuitunza Mashine Kuukuu ya Boti

Baadhi ya wenzangu wa bwenini walicheka waliposikia kwamba naandika habari za mashine ya boti. Ati Newala na boti wapi na wapi! Ni kweli, ukisimama pale Shimo la Mungu, maji utakayoyaona ni ya mto Ruvuma tu, tena mbali chini bondeni. Lakini mimi kwetu ni Mikindani, na likizo zangu huzimaliza katika chombo cha mjomba wangu. Kadhalika, zile mashine za kupulizia salfa katika mikorosho, ambazo wazazi wengi wa hapa wanazo, ni ndugu wa mashine hii. Nazo hunywa petroli iliyochanganywa na oili, nazo huugua maradhi mengi yale yale. Basi naomba nivumiliwe.

Mashine za kufungwa nyuma ya chombo zilianza kupata soko kubwa huko Marekani mwaka 1909, kwa kazi ya Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei. Yamaha wa Japani walitoa ya kwao ya kwanza mwaka 1960. Ya mjomba ni Yamaha ya nguvu za farasi 15, yenye silinda mbili, naye aliinunua ikiwa imekwisha kutumiwa miaka mingi na mtu mwingine. Rangi imebanduka na kifuniko kimefungwa kwa kamba, lakini ndiyo inayolipa karo yangu.

Likizo ya Juni iliyopita tulitoka asubuhi kwenda kuvua nje ya ghuba. Nilikuwa nimekaa nyuma, nikaona kijito cha maji kinachoruka kutoka katika mashine kimekuwa chembamba kama uzi. Nilijua maana yake. Ndani ya mguu wa mashine, juu kidogo ya sanduku la gia, mna pampu ndogo yenye feni ya mpira. Feni hiyo huvuta maji ya bahari na kuyapandisha juu ili yaipoze injini, kisha maji hutoka. Kile kijito ndicho habari ya kwamba pampu i hai. Wavuvi husema, "Mashine inakojoa." Isipokojoa, zima mara moja. Lakini mjomba si mtu wa kufundishwa na mtoto mbele ya mabaharia wake, nami nikanyamaza.

Tulipofika mbali, mashine ilianza kulegea, ikatoa harufu ya rangi kuungua, ikazimika. Kusi lilikuwa linavuma kwa nguvu na likaanza kutusukuma upande wa Sudi. Mmoja wa mabaharia alitaka kuimwagia injini maji ya bahari, mjomba akamkataza kwa ukali, maana chuma chenye moto mkali kikipozwa ghafula huweza kupasuka. Tukatia nanga. Ilishika, kisha ikateleza, kisha ikashika tena. Tulikaa hivyo mpaka alasiri, ndipo mashua nyingine ikapita na kutuvuta.

Njiani mjomba aliniuliza, "Uliyaona yale maji?"

"Niliyaona, mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu hatujatoka ghubani."

Hakusema neno jingine mpaka usiku.

Kesho yake tuliifungua mashine chini ya mkungu. Kwanza tulichomoa nyaya za plagi, isije ikawaka mkono wa mtu ukiwa karibu na rafadha. Kisha tukafungua boliti za mguu, tukaachanisha fimbo ya gia, mguu ukashuka. Feni ya mpira ilikuwa na mabawa sita, na mawili yalikuwa yamekatika. Hapo wengi hukosea. Hutia feni mpya na kufunga, wakasahau kuuliza vile vipande vimekwenda wapi. Vipande hupanda na maji na kuziba njia ndogo za juu. Kimoja tulikikuta katika bomba, cha pili tulikitafuta kwa saa nzima. Feni mpya hupakwa grisi, nayo huingizwa huku mhimili ukizungushwa upande ule ule unaozunguka mashine ikienda, ili mabawa yalale sawasawa.

Sasa nitaje jambo ambalo mjomba atalisoma hapa kwa mara ya kwanza. Wiki ile ile nilikuwa nimeiwasha mashine ufukoni, nchi kavu, ili rafiki zangu waisikie inavyonguruma. Pampu isiyo na maji husagika katika muda mfupi sana, kwa kuwa maji ndiyo yanayoulainisha mpira. Naamini ni mimi niliyeiua.

Adui mwingine ni chumvi. Baada ya safari tunaisimamisha mashine katika pipa la maji baridi ya kisima, maji yakipita juu ya tundu la kuvutia, gia ikiwa haijaingizwa, inakwenda polepole kwa dakika kumi. Mwishoni tunachomoa mpira wa petroli na kuiacha izimike yenyewe, ili mafuta yasibaki katika kabureta na kugeuka gundi. Mwenzangu mmoja wa hapa Newala, aliyezoea maji ya kupandishwa kwa pampu kutoka Mitema, alisema kuoshea chuma pipa zima ni dhambi. Simlaumu.

Mguuni pana kipande cha zinki ambacho huliwa na bahari ili alumini isiliwe. Jambo hili lilinitatiza darasani, maana katika orodha ya metali alumini iko juu ya zinki, basi ingepasa iliwe kwanza. Mwalimu wetu wa kemia alinieleza kwamba alumini hujivika ngozi nyembamba ya oksaidi, na katika maji ya chumvi ngozi hiyo huifanya iwe ngumu kushambuliwa kuliko zinki. Kwa hiyo zinki isipakwe rangi kamwe. Ikipakwa haifanyi kazi.

Katika petroli ya lita 20 sisi hutia oili ya lita 0.4, yaani sehemu 1 kwa 50, kama kitabu cha mashine yetu kisemavyo. Injini nyingine zina kipimo chao, hata zile za salfa, nanyi msikisie. Anayepunguza oili ili abane fedha atanunua pistoni. Petroli unayoitilia shaka iache katika chupa nyeupe, maji yaliyomo yatatuama chini.

Oili ya gia huangaliwa kwa kuifungulia skrubu ya chini. Ikitoka nyeusi, imechakaa tu. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili zimekufa. Yetu ilitoka nyeupe kidogo. Mjomba ameniagiza nikienda Desemba nipitie Mtwara kununua sili mbili za mhimili wa rafadha, nami nimeandika kipimo chake nyuma ya daftari la fizikia.