Tone moja katika jicho: chanjo ya kuku haingoje ugonjwa ufike



Mara hii tunaanza na kosa letu wenyewe. Katika kijiji kimoja cha Walungu watu walituita mbio: kuku wanakufa. Tulifika na chupa za chanjo, tukachanja nyumba kwa nyumba, siku moja tu. Juma lililofuata kuku wakaendelea kufa, hata wale tuliochanja. Mama mumoja alikuwa na kuku 12. Alibakia na wawili. Alikuwa anawachunga kwa ajili ya feza za masomo ya mutoto wake mwezi wa 9. Alituambia mbele ya watu wote: "Ni nyinyi mumeua kuku zangu." Tangu siku ile, chanjo ikakataliwa katika kijiji kizima.

Chanjo haikuua wale kuku. Lakini yule mama hakusema uongo: alisema kile alichoona kwa macho yake. Sisi tulijua kama ugonjwa ulikwisha kuingia, na hatukumwambia mutu. Basi tueleze sasa kile tulichopaswa kueleza siku ile.

Ni ugonjwa gani?

Wanaveterineri wanauita Newcastle. Majirani wetu wa Tanzania wanauita kideri ao mdondo. Unaletwa na virusi. Kuku anakaa amejikunja, manyoya yamesimama, hataki kula. Anahara maji ya rangi ya kijani, anapumua kwa shida, mudomo wazi. Wengine wanapinda shingo, mabawa na miguu vinalegea. Katika kuku wasiochanjwa unaweza kumaliza karibu wote kwa siku chache.

Hakuna dawa ya kuuponyesha. Poda ya tetra inapigana na bakteria, haiwezi virusi. Pilipili na majani pia hayawezi. Feza munayonunulia vile vitu wakati kuku wanakufa, ingenunua chanjo mbele.

Sababu gani kuchanja mbele?

Kiisha kupata chanjo, mwili wa kuku unahitaji juma moja mpaka mawili ili upate nguvu ya kujikinga. Na virusi vikiingia, vinaweza kukaa ndani siku 5 ao 6, mara zingine mpaka siku 15, mbele ya dalili kuonekana. Kwa hiyo kuku unayemuona muzima leo, pengine iko na ugonjwa tayari. Ukimuchanja leo, atakufa kesho kutwa, na watu watasema ni chanjo. Ndiyo ile ilitupata Walungu.

Kwa hiyo: tunachanja kuku wazima, wakati kijiji kiko salama. Kama ugonjwa umeanza kwa jirani, tuseme wazi kwamba chanjo inaweza kuokoa wengine na wengine hapana.

Namna ya kuchanja kwa tone la jicho

Kwa kuku wa kijijini tunapenda chanjo inayoitwa I-2, kwa sababu inavumilia joto kidogo kuliko zingine. Lakini kuvumilia si kusema uiache juani. LaSota yenyewe inataka frigo ao termosi yenye barafu tangu inunuliwe mpaka itumiwe.

1. Usiku mbele ya chanjo, fungeni kuku wote ndani. Asubuhi ni rahisi kuwashika mumoja mumoja bila kuwakimbiza.
2. Chupa ifungwe katika kitambaa chenye maji baridi, ikae kivulini.
3. Mutu mumoja ashike kuku, alaze kichwa upande, jicho moja likiangalia juu. Mwingine ashike chupa wima, mudomo chini, aangushe tone moja. Mungoje kuku afunge na kufungua jicho, ndipo mumuachilie. Tone likimwangika inje, murudilie.
4. Kifaranga cha siku moja na jogoo muzee wanapata sawasawa: tone moja. Musigawanye tone kwa sababu kifaranga ni kidogo.
5. Kuku mugonjwa asichanjwe. Atengwe.
6. Chanjo iliyokwisha kuchanganywa itumiwe siku ile ile. Kiisha kazi, munawe mikono na sabuni, kwa sababu chanjo ikiingia katika jicho la mutu inaweza kulifanya jekundu.

Kazi hii inarudiliwa kila miezi minne. Nguvu ya chanjo inapunguka, na kati ya mara mbili vifaranga vingine vinazaliwa, havijapata tone hata moja. Mujue pia kama chanjo hii inakinga Newcastle tu. Ndui ya kuku na Gumboro ni magonjwa mengine.

Sababu gani kooperative?

Tufanye hesabu. Mama mwenye kuku 12 hawezi kununua chupa ya dozi 100 peke yake: dozi 88 zitatupwa. Lakini nyumba 8 zenye kuku 12 ni kuku 96. Chupa inaisha siku ile ile, na bei inagawanywa. Tena, nyumba moja ikibaki bila kuchanja, virusi vinapata mahali pa kukaa.

Tunaomba kila komite ichague watu wawili wa kujifunza, na iandike miezi mitatu ya mwaka katika kaye. Kwa mufano: mwezi wa 3, wa 7 na wa 11. Ile ya mwezi wa 11 inafika mbele ya Noeli na Bonane, wakati kuku wanatembea sana masokoni. Kuku aliyenunuliwa sokoni atengwe majuma mawili mbele ya kuchanganywa na wengine. Aliyekufa azikwe chini sana ao achomwe, asitupwe, asiuzwe.

Mwaka uliofuata tulirudi katika kile kijiji bila chupa hata moja. Tulikaa katika mukutano, tukasema: "Siku ile tulichelewa, tulijua, na tulinyamaza." Watu walituuliza maswali magumu, na walikuwa na haki. Tuliporudi na chanjo, yule mama alileta kuku watatu. Wengine aliwaacha nyumbani, aone kwanza.

Tulichanja wale watatu, tone moja moja, na tukaandika tarehe ya kurudi katika kaye yake. Safari hii ni sisi tunapaswa kufika mbele ya ugonjwa.