Sanduku la Seremala Lililo Pia Meza ya Kazi

Katika nchi ya Mwaya na Kyela yote, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mafundi wa mbao si haba, lakini wenye karakana ni wachache. Kazi haimfuati fundi nyumbani kwake, bali yeye huifuata kazi: leo aitwa Ipinda kutengeneza mlango, kesho ng'ambo ya mto Mbaka kutengeneza madawati, kesho kutwa kuezeka kanisa. Na kila aendako vyombo vyake huvichukua katika gunia. Kwa hiyo tumeona vema kuwaeleza wasomaji wetu namna ya kutengeneza sanduku ambalo fundi aweza kulifunga juu ya baiskeli au kulitia mtumbwini, na afikapo kazini likawa meza yake.

Kwanza yafaa kujua kwa nini meza yahitajiwa. Wazee wetu waliochonga mitumbwi hawakuwa na meza, wala haikuwapasa. Gogo la mtumbwi ni zito, lajishikilia lenyewe. Fundi alipiga tezo kwa mikono miwili bila wasiwasi. Ubao sivyo. Ukiusukuma kwa randa wakimbia, ukiukata kwa msumeno watetemeka. Ndiyo maana mahali palipofundishwa useremala wa mbao, kama vile Chuo cha Overtoun kilichoanzishwa na wamisionari wa Kiskoti huko Livingstonia mwaka 1894, katika nchi iitwayo leo Malawi, kijana alifundishwa mbele ya meza. Lakini meza ya karakana haichukuliki mgongoni.

Twamkumbuka fundi mmoja aliyepewa madawati ya shule. Alifanya kazi sakafuni, na mtoto akimshikia ubao kwa mguu. Kingo hazikunyoka, viungo havikukaa sawasawa, na kabla ya mwaka kwisha wanafunzi walikuwa wameketi juu ya matofali. Tena ilikuwa masika. Gunia lilikaa chini penye unyevu, patasi zikashika kutu, na fedha ya kazi ikaishia katika kununua vyombo vipya. Watu walisema hajui kazi. Sisi twasema kazi aliijua, ila alikosa mkono wa tatu. Wahenga walisema, "Chombo hakiendi ila kwa nyenzo."

Sasa tueleze sanduku lenyewe. Kipimo chake cha kwanza ni msumeno. Pima msumeno wako pamoja na mpini wake, kisha ongeza inchi 2. Huo ndio urefu wa ndani. Ikiwa msumeno ni inchi 26, ndani patakuwa inchi 28, na nje, pamoja na unene wa mbao, inchi 30. Mbao za kuta ziwe za inchi 1 kwa 10. Kata mbili za inchi 30 kwa ubavuni, na mbili za inchi 10 kwa vichwani. Ubao wa msindano, yaani paini, wafaa kwa kuta kwa sababu ni mwepesi. Lakini kwa kifuniko na miguu tafuta mninga au mvule, kwa kuwa hapo ndipo penye mapigo, maji na mchwa.

Mbao zisiwe mbichi. Ubao mbichi hupinda na kusinyaa ukaukapo, na kiungo kilichokuwa kimebana huachia. Zipange chini ya paa, juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake, mpaka zikauke vema.

Vichwa viingie katikati ya mbao za ubavuni, ili upana wa nje uwe inchi 12. Vifungwe kwa gundi na skurubu, wala si kwa misumari mitupu. Kitako kiwe cha mbao mbili za inchi 1 kwa 6, nacho kifungwe kwa skurubu kutoka chini, kwa maana uzito wote wa vyombo hulala juu yake.

Kifuniko ndicho meza, basi kitengenezwe kwa uangalifu. Chukua mbao mbili za inchi 2 kwa 6, urefu wa inchi 36, zinyoshwe kwa randa na kuunganishwa kando kwa kando. Kila mwisho kifuniko kitatokeza inchi 3, lakini ubavuni kiwe sawa na kuta. Usikitie bawaba: mapigo ya nyundo huzilegeza, na kutu huzimaliza. Badala yake funga chini ya kifuniko vipande viwili vya mti vyenye urefu wa inchi 9 na robo tatu, vikae ndani ya sanduku, kila kimoja karibu na kichwa chake. Hivyo usukumapo randa, kifuniko hakiwezi kuteleza. Ile robo ya inchi iliyobaki ni ya lazima, kwa sababu mti huvimba wakati wa mvua, na kifuniko kilichobana mno hakifunguki. Wakati wa safari kifungwe kwa kamba au komeo.

Miguu ni minne, ya inchi 2 kwa 2, urefu wa inchi 18. Haifungwi daima, bali huingia katika mifuko iliyo nje ya vichwa. Kwa kila kichwa simamisha vipande vinne vya mti vyenye unene wa inchi 1, vikitokeza inchi 2, viwili kwa kila pembe, na kati ya kila viwili acha nafasi ya mguu. Juu yake funga ubao wa inchi 1 kuvifunika, navyo vitakuwa mifuko. Ncha ya mguu ifike mpaka chini ya kifuniko, ili pigo la nyundo lishuke mguuni moja kwa moja. Kisha toboa tundu kwa keekee kupitia ubao wa mfuko na mguu, utie kigingi cha mti mgumu ili sanduku lisishuke. Likisimama hivi, kimo cha meza ni inchi 20, karibu na goti la mtu, na kitako kimeinuka juu ya ardhi yenye maji. Safari ikianza, chomoa miguu uilaze ndani.

Mwisho, toboa tundu la inchi 1 katikati ya sehemu ya kifuniko inayotokeza upande mmoja, utie kigingi kinachopandishwa na kushushwa. Upigapo randa, kipandishe, na ubao ukiegemee; ukikata kwa msumeno, kishushe na kuukandamiza ubao kwa goti. Mwisho wa pili kata pengo mfano wa herufi V, uchonge na kabari yake; humo kipande kidogo hukazwa wima kikatwe ulimi.

Kulitunza si kazi kubwa. Kila jioni vyombo vipanguswe na kupakwa mafuta kidogo, kwa maana Kyela ina mvua nyingi, hasa tangu Machi hata Mei. Chombo kilicholowa kisifungiwe ndani, kwani kitaviambukiza kutu vingine. Ncha za miguu zipakwe oili chafu kuzuia mchwa.

Basi, walimu wenye wanafunzi wa kazi za mikono wangeanza na sanduku hili kabla ya dawati au mlango. Ndani yake mna kupima, kupiga randa, kukata, kutoboa na kuunganisha. Na mwanafunzi amalizapo shule ataondoka na mahali pa kufanyia kazi. Nao wazee wa vijiji wamwitapo fundi, wamtazame achukuacho: aliyebeba meza yake hatawaomba mtoto wa kumshikia ubao.